Kibarua ana haba, SHA yataka kibaba

Mtu wa Mombasa akishukia Industrial Area, Nairobi, akaanza kusoma vibao vya barabara, huenda akadhani hajatoka nyumbani. Kuna barabara yaitwa Likoni, kuna Changamwe, na ile inayokata katikati ya viwanda kuelekea Viwandani na Mukuru yaitwa Lunga Lunga. Majina ni ya kwetu. Na shida ya matibabu inayowakabili wakaazi wa hapo ni ya kwetu pia, ndiyo maana nimeona tuizungumze.

Jua likiwa bado halijachomoza, watu huwa wameshasimama mbele ya mageti ya viwanda. Msimamizi hutoka, huchagua idadi anayoitaka siku hiyo, na waliobaki hurudi walikotoka. Aliyeingia leo hana hakika ya kesho. Wengi wao wanaishi ng'ambo ya ukuta tu, katika nyumba za mabati za Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mitaa yenye kaya zaidi ya 100,000. Hawa ndio wanaopakia sabuni, unga, plastiki na vyuma tunavyonunua huku Pwani.

Swali langu ni moja. Serikali inasema Kenya sasa ina afya kwa wote. Kibarua huyu wa Lunga Lunga, au mkewe, au mtoto wake, akiugua usiku wa leo, huo mfumo wa afya kwa wote unamfaa vipi?

Sheria inasema nini

Tuanze na yaliyo wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa miaka mingi chombo cha kutekeleza hilo kilikuwa NHIF, hazina iliyoanzishwa 1966. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Oktoba 2023 Rais William Ruto akatia saini sheria nne mpya za afya, na baada ya mivutano ya mahakamani, NHIF ikafungwa na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024.

Wengi huizungumza SHA kana kwamba ni mfuko mmoja. Ni mamlaka inayosimamia mifuko mitatu, na kutojua tofauti yake ndiko kunakowaletea watu aibu mbele ya dirisha la malipo.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu unalipiwa na serikali kwa kodi, na unahusu zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3. Ukishajisajili tu, unatibiwa huko bila kulipa, hata kama hujawahi kuchanga senti.

Mfuko wa pili ni SHIF. Huu ndio wa michango, na ndio unaolipa ukilazwa, ukifanyiwa upasuaji au ukitibiwa katika hospitali za daraja la 4 hadi la 6. Kwa mama ambaye michango ya nyumba yake iko hai, SHIF inailipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Kikao kimoja cha kusafisha figo hulipiwa 10,650.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Huu pia unategemea fedha za serikali, na huingia pale SHIF inapofika mwisho. Mgonjwa wa saratani, kwa mfano, kwa viwango vya mwanzo SHIF ilikuwa ikiilipia nyumba yake hadi 400,000 kwa mwaka, kisha mfuko wa tatu ukiongeza 150,000.

Kwa karatasi, mpango huu hauna ubaya. Mlango wa chini ni bure, mlango wa juu una bima, na maradhi makubwa yana akiba yake. Tatizo liko kwenye ngazi inayounganisha mlango wa chini na wa juu.

Hesabu ya mwenye payslip

Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kila mwezi, na mchango haushuki chini ya shilingi 300. Haki isemwe: kwa mfanyakazi wa chini aliyeandikwa rasmi, SHA ni nafuu kuliko NHIF.

Chukua mshahara wa chini wa kisheria wa kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi na Mombasa, ambao Novemba 2024 uliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti kwa mwezi. Zamani NHIF ingemkata 600. SHIF inamkata kama 443. Anayepata 100,000 alikuwa akikatwa 1,700 na sasa anakatwa 2,750. Kwa hiyo mwenye nacho anachangia zaidi na asiye nacho anapumua kidogo. Hivyo ndivyo bima ya jamii inavyopaswa kuwa, na wanaolalamika kwamba makato yamepanda, wengi wao ni wenye mishahara mikubwa.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: uwe na payslip. Na pale getini Lunga Lunga, payslip ndiyo kitu adimu kuliko vyote.

Hesabu ya asiye nayo

Asiyekuwa na mshahara wa mwezi hupitia njia nyingine. Anapojisajili, anaulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi, maji, choo, anachopikia na mali aliyo nayo. Kutokana na majibu yake, mfumo unakadiria mapato ya nyumba na kumwambia mchango wake. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Mpaka hapo hakuna neno, kwani chini ya NHIF mtu wa sekta isiyo rasmi alikuwa akitoa 500.

Neno liko kwenye namna ya kulipa. Mchango wa asiye na mshahara unadaiwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Aliyekadiriwa kiwango cha chini kabisa anatakiwa kutoa 3,600 mara moja. Aliyekadiriwa zaidi ya hapo anatoa zaidi.

Tufanye mfano. Tuseme kibarua wetu analipwa 600 siku anayopata kazi. Asilimia 2.75 ya 600 ni shilingi 16 na nusu, haifiki bei ya chapati moja mtaani. Kama angekuwa akikatwa kila siku anapolipwa, asingehisi. Lakini 3,600 kwa mkupuo ni ujira wa siku sita kamili, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila kununua maji ya mtungi. Ni mwananchi yule yule na asilimia ile ile, lakini mmoja anakatwa kidogo kidogo asijue, na mwenzake anadaiwa fungu zima kabla ya kutibiwa.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibarua ana haba kila siku. SHA inamwambia alete kibaba kilichojaa.

Serikali yenyewe imeliona hili. Mwaka 2025 ikaanzisha Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu analipiwa mchango wa mwaka kisha anarejesha kidogo kidogo. Ni hatua, lakini tuiite kwa jina lake: ni mkopo. Mwenye mshahara hakopi ili alipe bima. Maskini ndiye anayeambiwa akope, na deni la ugonjwa ambao bado haujaja ni deni gumu kumshawishi mtu aliyechoka.

Oktoba 2025 ukaja mpango wa serikali kuwalipia wananchi milioni 2.2 wasiojiweza. Huo ni wema mkubwa, na wenye kustahiki wasikae kimya. Ila kibarua wa kiwandani ni mgumu kuingia humo. Ana nguvu, ana simu, ana kazi siku tatu au nne kwa wiki. Machoni pa serikali si fukara wa kulipiwa, na machoni pa mwajiri si mfanyakazi wa kukatwa. Anaanguka katikati. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ndiyo maana takwimu za usajili zisitupumbaze. Kufikia katikati ya 2025, waliosajiliwa SHA walikuwa wamepita milioni 20. Lakini kusajiliwa kunakufikisha kituo cha afya tu. Ukihitaji kulazwa na mchango wako haujalipwa, wewe ni mgonjwa wa pesa taslimu kama zamani.

Mlango wa bure una nini ndani

Mtu atasema: basi kibarua aende kituo cha afya, si ni bure? Ni kweli, na nawasihi watu watumie haki hiyo. Viwandani kuna kituo cha afya cha Lunga Lunga. Kati ya 2020 na 2021, ile idara ya NMS iliyokuwa ikiendesha huduma za jiji ilianza kujenga hospitali 24 katika mitaa ya mabanda, Mukuru ikiwamo. Majengo yapo kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Lakini bure ya zahanati ni dawa na mhudumu. Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26, mfuko wa afya ya msingi ulitengewa shilingi bilioni 13.1. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Gawanya, utapata kama shilingi 275 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Hata kilo mbili za sukari hazinunuliki. Kaunti zina fedha zao pia za kuendesha vituo hivi, kwa kuwa afya imegatuliwa, lakini mfuko uliotangazwa kuwa nguzo ya afya kwa wote unasimama juu ya kiasi hicho. Mgonjwa anaposikia "dawa hii hatuna, kanunue nje," asidhani daima ni muuguzi kaficha. Mara nyingi hakuna.

Kisha kuna swali la saa. Kibarua akikosa siku moja kwenda kupanga foleni, amekosa ujira wa siku hiyo, na pengine amepoteza nafasi yake getini. Kwa hiyo wakaazi wengi wa Mukuru huenda kwenye duka la dawa au kliniki ndogo ya mtu binafsi iliyo karibu na mlango wao, inayofunguliwa usiku, inayokubali kulipwa nusu leo na nusu Jumamosi. Kliniki ambayo haina mkataba na SHA hailipwi kitu na SHA, na mgonjwa wake hulipa mwenyewe. Zile zenye mkataba nazo zimekuwa na malalamiko ya kucheleweshewa malipo, juu ya madeni ya mabilioni yaliyoachwa na NHIF. Machi 2025 Rais aliagiza hospitali zinazodai chini ya shilingi milioni 10 zilipwe, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza.

Na uhakiki unahitajika, tusijidanganye. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha makumi ya vituo kwa madai ya udanganyifu, kama vile kudai malipo ya wagonjwa waliolazwa kwenye makaratasi tu. Juu yake, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu alionyesha mwaka huo huo kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Mwananchi akisikia haya, kisha akaambiwa atoe 3,600 kwa mpigo, moyo wake unasita. Uaminifu nao ni sehemu ya bima.

Nani hayuko mezani

Tukiacha kelele za mitambo na ufisadi, kuna jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, na Industrial Area ndipo mahali pake hasa.

Angalia makato ya mfanyakazi wa Kenya. Kuna NSSF: mfanyakazi anatoa na mwajiri anatoa kiasi sawa. Kuna ushuru wa nyumba: mfanyakazi asilimia 1.5, mwajiri asilimia 1.5. Kisha kuna SHIF: mfanyakazi asilimia 2.75, mwajiri hatoi chochote. Kazi yake ni kukata na kupeleka.

Majirani wetu wa Tanzania, katika bima yao ya taifa kwa watumishi, wamekuwa wakitoa asilimia 6, mfanyakazi 3 na mwajiri 3. Sisi tumeamua kwamba kiwanda kichangie uzee wa mfanyakazi na nyumba atakayojengewa mtu asiyemjua, lakini kisichangie afya ya mikono inayokiendesha. Wenye viwanda watasema gharama za biashara zimezidi, umeme ghali, kodi nyingi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata bila kuwaongezea mchango, kuna sheria iliyopo ambayo ingetekelezwa tu, nusu ya tatizo ingepungua.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa ni mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Katika viwanda kuna watu wamekuwa "vibarua" miaka mitano, mashine ile ile, zamu ile ile. Kisheria wengi wao si vibarua. Wangetambuliwa, wangekuwa na payslip. Wangekuwa na payslip, wangekatwa 443 kwa mwezi, na mke na watoto wangekuwa na bima bila kukopa.

Kwa maneno mengine, pengo kubwa la afya kwa wote katika Mukuru halitazibwa na Wizara ya Afya peke yake. Sehemu yake iko Wizara ya Leba, kwa maafisa wa ukaguzi wa kazi ambao hawaonekani mageti ya viwanda yanapofunguliwa alfajiri.

Na wale ambao kweli ni wa siku moja moja, wabeba mizigo, wafua nguo, wauza mboga? Hao wanahitaji kuruhusiwa kulipa SHIF kwa mwezi au kwa wiki, kwa simu, na bima yao iwe hai kwa muda waliolipia. Nchi iliyowafundisha watu wake kununua umeme wa shilingi 50 kwa simu haiwezi kudai kwamba kupokea mchango mdogo mdogo ni jambo lisilowezekana. Hofu ya serikali naielewa: mtu atangoja augue ndipo alipe. Hofu hiyo ina dawa, kama vile kuweka muda wa kungoja kabla ya bima kuanza. Kumtaka atoe mwaka mzima ni dawa inayomuua mgonjwa.

Yanatuhusu vipi sisi

Ndugu msomaji wa Pwani, usiseme mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Badilisha jina la barabara tu, Lunga Lunga ya Nairobi ni Changamwe halisi. Vijana wanaongoja kuitwa kwenye maghala ya Miritini na Kilindini ni wale wale. Wasichana wa viwanda vya nguo vya EPZ hapa Mombasa, ambao mikataba yao hukatika oda zikikatika, ni wale wale. Wahudumu wa hoteli za Diani, Watamu na Malindi, wanaoajiriwa watalii wakija na kurudishwa nyumbani mvua za masika zikianza, wana bima miezi minane na hawana miezi minne, kana kwamba malaria hungoja msimu wa watalii. Mvuvi wa Kipini hajawahi kuwa na payslip maisha yake yote.

Kwa hiyo mambo matatu ya kufanya. La kwanza, jisajili na uwasajili walio chini yako, kwa *147# au kwenye kituo cha afya, maana bila usajili hata ule mlango wa bure umefungwa. La pili, jua hali ya mchango wako kabla hujaugua, usingoje kuambiwa na karani huku umembeba mgonjwa. La tatu, kama umefanya kazi sehemu moja zaidi ya mwezi na bado unaitwa kibarua, muulize mwajiri wako, ukiwa na wenzako, kuhusu kifungu cha 37. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Na wabunge wetu wa Pwani, ambao husimama majukwaani wakihesabu waliosajiliwa, waulizwe hesabu nyingine: katika waliosajiliwa, wangapi usiku wa leo wakipelekwa Hospitali Kuu ya Pwani watalazwa bila kuitisha mchango kwa jamaa kwenye WhatsApp? Hiyo ndiyo namba ya afya kwa wote. Mpaka itajwe hadharani, kaunti kwa kaunti, kibarua wa Lunga Lunga na yule wa Changamwe wataendelea kuweka akiba yao ya matibabu pale wanapoiweka siku zote: kwa jirani, na kwa Mungu.